Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Maboya Yanayofuata Mikondo ya Bahari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Tanga, tunakukaribisha kwa heshima kubwa na kukushukuru kwa kukubali kuja katika maonesho haya. Mwaka huu tumejifunza namna mikondo ya bahari inavyofuatiliwa kwa maboya yanayosafiri chini ya maji, na tunaomba ridhaa yako tulieleze jambo hilo kabla ya kufikisha ombi letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wavuvi wetu wanaujua mkondo wa juu vizuri sana. Wanajua kwamba maji ya pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, kwamba wakati wa kusi huenda kasi na wakati wa kaskazi hupungua nguvu, kwani katika msimu huo Mkondo wa Somalia hugeuka kuelekea kusini na kukutana na mkondo wetu upande wa Kenya na Somalia. Lakini maji yaliyo mita 1,000 chini hayasukumi ngalawa wala hayavuti nyavu, na kwa muda mrefu hata wataalamu walikuwa wakiyakisia tu.

Aliyefungua njia ni Mwingereza John Swallow, ambaye mwaka 1955 alitengeneza boya kwa mabomba ya alumini ya kujengea majukwaa ya mafundi. Bomba hilo hubonyea kidogo kuliko maji ya bahari yanavyobonyea, kwa hiyo linapozama hufika kina ambacho uzito wake unalingana na wa maji yanayolizunguka, likatulia hapo na kuchukuliwa na mkondo huku likitoa mlio unaosikilizwa melini. Mwaka 1957, yeye na Mmarekani Valentine Worthington waliyatumia maboya hayo wakagundua kuwa chini ya Mkondo wa Ghuba, unaokwenda kaskazini katika Atlantiki, kuna maji yanayokwenda kusini. Mtaalamu wa bahari Henry Stommel alikuwa amekwisha kulitabiri jambo hilo kwa hesabu. Inatupa fahari kusema kwamba mwaka 1964 Swallow alikuja pia kupima Mkondo wa Somalia wakati wa kusi, jirani kabisa na bahari yetu.

Leo kazi hiyo inafanywa na mpango wa kimataifa unaoitwa Argo, ulioanza kutandaza maboya yake takriban mwaka 2000 na ambao sasa una maboya yapatayo 4,000 katika bahari zote kuu. Boya la Argo halina injini ya kulisukuma. Ndani yake kuna mafuta na pampu: mafuta yakisukumwa kwenye mfuko wa nje, boya hutanuka na kupanda, yakirudishwa ndani, husinyaa na kuzama. Mfano ulio mezani kwetu, tuliouunda kwa chupa na bomba la sindano, unaonesha kanuni hiyo hiyo. Boya huelea kwenye kina cha mita 1,000 kwa siku zipatazo tisa, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda huku likipima halijoto na chumvi, na likifika juu hutuma vipimo vyake kwa setilaiti. Umbali kati ya mahali lilipozamia na mahali lilipoibukia ndio unaoonesha mkondo wa chini umekwenda wapi na kwa kasi gani. Hurudia safari hiyo kila baada ya siku kumi, kwa miaka kadhaa, hadi betri iishe.

Tunakiri kwamba njia hii haifai kila mahali. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara una maji mafupi mno kwa boya la namna hii, na hata kati ya Pemba na Tanga, ambako kina hufikia takriban mita 800, boya lingegusa chini kabla ya kufika kina chake cha kawaida. Hata hivyo, maji yanayopita mbele ya shule yetu yanatoka Bahari ya Hindi iliyo wazi, ambako maboya hayo yanafanya kazi usiku na mchana, na joto la bahari hiyo lina sehemu kubwa katika mvua zetu za vuli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vipimo vyote hivyo hutolewa bure kwenye intaneti, vingi vyake ndani ya saa 24, kwa mtu yeyote duniani. Sisi tunaoishi ufukweni tunavisoma kwa shida, kwa zamu, kwenye simu ya mwalimu wetu. Tunakuomba utusaidie kupata kompyuta chache zenye intaneti, na utuunganishe na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ili watufundishe kuchora ramani za mikondo kwa vipimo halisi. Tukiwezeshwa, tunaahidi kuzibandika ramani hizo kila mwezi kwenye diko, wavuvi wazilinganishe na wanayoyaona baharini na kutusahihisha.

Tunaomba kuwasilisha.