Mwanangu, usiihame 1500 saa hizi

Mwanangu, salamu zako nimepata, nashukuru kambi ya Arusha wamekupokea vizuri, huku Mikindani wote wazima na bibi yako anakuulizia kila siku. Sasa ile voisi yako ya juzi, kwamba unataka kuacha mbio za mita 1500 uingie maratoni maana hela iko kwenye mbio za barabarani, na mjomba wako kakazia, nimeona bora nikuandikie kabisa maana kwenye simu utanikatiza.

Mjomba ana haki ya kusema na kwenye hela hajakosea. Lakini anamtaja Alphonce Simbu, mwanamaratoni wetu, kama vile alishinda kwa pumzi peke yake. Hebu itafute tena ile maratoni ya mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, wamekimbia kilomita 42 zote halafu yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wanamaliza pamoja, wote 2:09:48, kilichowatenganisha sekunde 0.03! Dhahabu ile imetoka kwenye spidi ya mwisho mwisho uwanjani, na hiyo spidi ndo unayoijenga wewe sasa hivi. Ukishauzoesha mwili kilomita nyingi za taratibu ungali mdogo hivyo, kuirudisha ni kazi kweli.

Na 1500 ina heshima yake kwetu. Filbert Bayi wetu kule Christchurch, New Zealand, Februari 1974, katoka mbele tangu mwanzo, hakumngoja mtu, John Walker, mwenyeji wao, kamfukuza mpaka kwenye utepe na hakumpata, 3:32.2, rekodi ya dunia, kijana wa miaka 20! Mwaka uliofuata kachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaika, 3:51.0. Ikaja 1976 nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza kwa makaburu, na Tanzania ikiwemo, basi Olimpiki ya umri wake ikampita hivyohivyo, mi hiyo hata leo inaniuma. Lakini 1980 Moscow kapata medali ya fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Ona, umbali aliuongeza, ila ana miaka 27, na hakurukia maratoni.

Halafu usitishwe na mtu kwamba wewe ni mwanamke muda utakuishia. Faith Kipyegon wa Kenya kajifungua 2018, karudi, ana dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo kwenye hiyohiyo 1500, na rekodi ya dunia ya 3:48.68 kaiweka akiwa na miaka 31.

Jambo lingine ni la mama na binti, usiruke mlo ili upungue kilo. Ukiona siku zako zimekata usinyamaze, mwambie kocha na uende hospitali, mwili ukikosa chakula mifupa inavunjika hivyohivyo na msimu wote unakwenda.

Malipo ya korosho yakitoka nakutumia hela ya spaiki, viatu vya kukimbilia, niandikie saizi maana zile za zamani ulisema zinabana. Mjomba nitaongea naye mwenyewe.

Mama