Waziri, waite wanahisabati mezani

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nashukuru kwamba Aprili 2025 ulisikiliza kilio chetu, hisabati ikarudi kuwa somo la lazima katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12. Wa mkondo wa sayansi wakapata hisabati kamili, wenzao wa sanaa na sayansi za jamii wakapata iliyo nyepesi. Hii nyepesi ndiyo inayonitia wasiwasi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na najua somo likishaitwa jepesi hupewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache.

Wizara hiyo yako imewahi kuongozwa na mwanahisabati. Profesa George Saitoti alihitimu uzamifu Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1972, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, na zaidi ya watoto milioni moja wakamiminika shuleni, waziri alikuwa yeye. Siasa zake zina mabishano mengi, nami siyaingilii hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba wakati huo hakuna aliyeshangaa kumwona mwanahisabati akipanga mambo ya taifa.

Leo tunawahitaji zaidi. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya kanuni ya kugawia kaunti mapato: idadi ya watu ipewe uzito gani, umaskini gani, ukubwa wa ardhi gani? Hiyo ni hisabati tupu, na raia wengi waliachwa wasikilize kelele za wanasiasa tu. Au chukua mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Anayeukopa na kuulipa kila mwezi, mwaka mzima, hulipa ada ya asilimia 90 ya kiasi alichokopa. Kijana wa mkondo wa sanaa anapaswa kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, kisha aeleze kwa nini jibu lake ni sahihi. Kueleza kwa nini ndiko wanahisabati wanakoweza kutusaidia, kwa sababu ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwa hiyo naomba uwaite wanahisabati wa vyuo vyetu vikuu waketi na walimu wa madarasani pale KICD, taasisi ya kukuza mitaala, waipitie silabasi ya hisabati nyepesi mada kwa mada. Waanze sasa. Kundi la kwanza la sekondari pevu litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa hisabati, Nairobi