Barua kutoka Kassel: ukoo wa Chukia Plau

Kassel, Ujerumani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nifikishie shikamoo yake, na wadogo zangu wote wasalimie. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kutubana, mkwe wenu ameshatoa makoti mazito kabatini, na tumbo lake sasa halijifichi tena. Tumefurahi kusikia mvua za vuli zimenyesha vizuri huko Lushoto na viazi vimeota.

Nimecheka sana Mama aliponieleza kwamba Athumani umemnyang'anya shamba la bondeni kwa sababu jembe analishika kama ameshikishwa nyoka. Mwambie asihuzunike, nimempatia ukoo wa kumpokea huku. Unaitwa Hassenpflug. Herufi ni nyingi, lakini ukilivunja jina hilo unabaki na amri moja fupi tu: chukia plau! Ni plau ile ya kukokotwa na ng'ombe, ambayo kwetu milimani haipandi. Kwa mkulima wa Kijerumani wa zamani plau ndiyo iliyomlisha, kwa hiyo kumwita mtu Chukia Plau ilikuwa ni kumtania mbele za watu.

Nimelifuatilia jina hili kidogo kwa sababu ambayo nitakuambia mbele.

Zamani Wajerumani walitosheka na jina moja kama wengine. Miji ilipojaa, kuanzia karne ya 12 hivi, akina Johannes wakawa wengi mno mtaa mmoja, na makarani wa kodi wakaanza kubandika jina la pili ili wasidaiane na mtu asiyehusika. Wengi walibandikwa kazi zao. Müller ni mwenye kinu cha kusagia nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider fundi wa nguo, Fischer mvuvi. Vinu vilikuwa kila kijiji, kwa hiyo akina Müller wakazuka kila kona bila kuwa ndugu, na mpaka leo hakuna jina la ukoo linalowashinda kwa wingi nchi nzima. Jina la utani haliendi hivyo. Linazuka mahali pamoja au pawili, kwa mtu fulani mwenye visa vyake, na wanaolibeba baadaye ni uzao wa wachache hao. Ndiyo maana Hassenpflug ni jina la nadra, na watu wake wanaojulikana zaidi katika historia ni wa huku huku Hesse, jimbo lenye Kassel.

Nani alibandikwa? Pengine kijana aliyelitoroka shamba akaenda mjini kutafuta kazi. Mafundi nao walikuwa na desturi: mwanagenzi akishahitimu, wenzake wanamfanyia vituko na kumpa jina jipya la mzaha. Yapo mengine ya namna hiyo, yote yanaamrisha. Schluckebier, meza bia. Springinsfeld, ruka uingie kondeni. Haßdenteufel, mchukie shetani, hilo nadhani Shehe wetu angelipenda. Hata Shakespeare wa Waingereza ni wa kundi hilo, maana jina lake ni tikisa mkuki. Na sisi tusiwacheke sana, maana kwetu kuna Sikujua na Sikudhani, sentensi nzima zinazokwenda sokoni kununua nyanya.

Sasa sikiliza habari ya mji huu ninaokaa. Kwenye kilima cha Weinberg kuna jumba la makumbusho la ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliokusanya hadithi zile ambazo hata sisi tulisimuliwa shuleni bila kujua zimetoka wapi. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1812. Watu wengi wanadhani walizunguka vijijini wakiketi na vikongwe jikoni. Kumbe wasimuliaji wao wakubwa walikuwemo mabinti wa mjini, wenye gauni safi na baba mwenye cheo serikalini. Walikuwa ni akina Hassenpflug: Marie, Jeanette na Amalie. Binti wa kofia nyekundu na mbwa mwitu aliyejilaza kitandani kwa bibi, hadithi hiyo waliitoa Jeanette na Marie. Yule binti mfalme aliyelala miaka mia moja ni wa Marie. Jeanette akasimulia paka aliyevaa buti, lakini huyo alitolewa kitabuni chapa ya pili ilipokuja mwaka 1819, kwa sababu alinuka Ufaransa. Mama yao alikuwa wa uzao wa Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, na hadithi za Mfaransa Perrault, za mwaka 1697, zilikuwa zinajulikana vizuri katika nyumba za namna hiyo. Kwa hiyo Baba, hadithi zinazosifiwa kuwa za wakulima wa Kijerumani zilipita midomoni mwa mabinti wa ukoo wa Chukia Plau, ambao sidhani kama waliwahi kuigusa plau yenyewe.

Kaka yao, Ludwig, alizaliwa Hanau mwaka 1794, mji uleule walikozaliwa akina Grimm. Mwaka 1822 akamwoa dada wa akina Grimm, Lotte. Ushemeji huo ulikuwa na mtihani wake. Ludwig akawa waziri wa mtawala wa jimbo hili mwaka 1832, na kazi yake ikawa kuibana katiba ya mwaka uliotangulia kwa kila njia. Bunge likamshtaki, akaponyoka. Mwaka 1837 akaondoka madarakani, na mwaka huohuo mashemeji zake wawili wakafukuzwa kazi ya uprofesa huko Göttingen kwa kutetea katiba! Lotte hakuyaona hayo, alikuwa ameshafariki mwaka 1833.

Mwaka 1850 Ludwig akarudi uwaziri, akataka kukusanya kodi bila idhini ya bunge. Mahakimu wakagoma, makarani wakagoma, na maofisa wa jeshi walio wengi wakaomba kuacha kazi. Yakaletwa majeshi ya nje, na askari wa Bavaria, nchi nyingine ya Kijerumani, wakapangishwa kwa nguvu majumbani mwa waliogoma, wakila na kunywa humo mpaka mwenye nyumba asalimu amri. Wananchi wakaligeuza jina lake wakamwita Hessenfluch, laana ya Hesse. Mimi namwona alistahili.

Sasa ile sababu niliyokuahidi. Mtoto atazaliwa mwezi wa tatu, inshallah, na ofisi ya vizazi inataka jina la ukoo. Pasi yangu ina langu, lako na la Babu. Karani, kwa upole tu, ameniuliza lipi hapo ni la ukoo. Nilipomweleza kwamba kwetu mtoto huvaa jina la baba yake na jina la nyuma huachwa njiani, alitabasamu akasema Wafrisia wa pwani ya kaskazini walikuwa hivyohivyo. Mwana wa Jan aliitwa Janssen, na wanawe wakafuata jina lake yeye, mpaka Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipowaamuru mwaka 1811 kila ukoo uchague jina moja ubaki nalo. Sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Mei 2025 imewarudishia ruhusa ya desturi yao. Lakini sisi si Wafrisia, na jina tutakaloandika sasa ndilo watakalolibeba wajukuu wa wajukuu zako. Kulibadilisha baadaye kunahitaji sababu nzito mbele ya serikali. Jina la kuchekwa linakubalika kuwa sababu, na bado akina Chukia Plau wapo na jina lao.

Kwa hiyo naomba shauri lako. Tuandike jina lako, la Babu, au lile la ukoo linaloanza na She-, ambalo hukuandikishwa nalo shuleni? Mkwe wenu anapenda hilo la tatu. Mimi naliogopa kidogo kwa sababu Wajerumani watalisoma vibaya, maana She wao watalivuta kama "shee". Kaa na Baba Mkubwa mlizungumze, kisha uniandikie kwa mkono wako, herufi kubwa, nisije nikakosea hata moja.

Nimemtumia Mama kidogo kwa simu, ni ya mbolea na ya dawa zake za presha. Athumani asipewe hata shilingi mpaka amalize kupalilia.

Mwanao akupendaye,
Hoza