Mifupa na kitambi vipimwe pamoja

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongezee kwenye makala yenu ya mifupa dhaifu kwa kina mama waliokoma hedhi. Mmeeleza vizuri ila unene hamjaugusa, na watu wengi bado wanaamini mama mnene lazima mifupa yake iwe imara. Sio kweli jamani. Hedhi ikikoma, estrojeni (homoni ya kike) inashuka, mifupa inapungua haraka na hapohapo mafuta yanahamia tumboni, sukari na presha zinaanza kupanda, na mwenye kisukari aina ya 2 anaweza kupimwa mifupa akaambiwa iko sawa halafu ikavunjika kirahisi tu.

Mama yangu mkubwa aliteleza bafuni, kifundo cha mguu kikavunjika, wakamfunga plasta wakamwambia apunguze uzito basi, akaanza kushinda njaa. Hakuna aliyemwambia kwamba kujinyima chakula bila mazoezi kunaondoa misuli na mifupa pia!

Ombi langu, kliniki zikimpima mama mifupa zimpime na kiuno, sukari na presha siku hiyohiyo, na akiambiwa apungue afundishwe na mazoezi ya kunyanyua uzito kidogokidogo, ale protini na kalsiamu ya kutosha.

Msomaji wenu