Uchunguzi wa saratani usisubiri maumivu

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa mliyochapisha kuhusu saratani. Imeeleza vizuri gharama za matibabu, lakini kinga imeguswa kwa sentensi moja tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 30 hadi 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Tumbaku peke yake ingetosha kujaza ukurasa mzima.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Karibu visa vyote husababishwa na HPV, virusi vinavyoenea kwa kujamiiana, na chanjo yake ipo tangu 2006. Isitoshe, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, ugonjwa huu huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu, huenda ikawa 5 hadi 10. Muda wote huo chembe zilizoanza kubadilika zinaweza kuonekana na kuondolewa, mara nyingi bila kulazwa. Tatizo ni kwamba haziumi, na wengi wetu (nami nimo) hatuendi hospitali mpaka tuumwe.

Kwa hiyo kuwahimiza watu "wakapime" hakutoshi. Napendekeza uchunguzi uwafuate walipo: mwanamke aliyefika kliniki kwa uzazi wa mpango, kuchukua dawa za VVU au kumpeleka mtoto chanjo apewe nafasi ya kupimwa siku hiyohiyo, na majibu yakionyesha dalili, atibiwe kabla hajapotea njiani kati ya rufaa moja na nyingine.

Msomaji wenu