Zoezi la Jumamosi: kusoma kitu kwa mguso

Wapendwa, habari za jioni. Kusoma kitu kwa mguso ni kushika kitu cha mtu na kueleza yanayokujia kuhusu mwenye kitu hicho. Jumamosi kila mmoja aje na kitu kidogo alichokitumia kwa muda mrefu: pete, saa, ufunguo. Kiwe kimekaa na mtu mmoja tu. Cha kurithi kinachanganya, hujui unamsoma nani. Kiwe ndani ya bahasha isiyo na jina.

Msomaji atakishika dakika 3, macho yamefumbwa, kisha ataandika kila kilichomjia kabla hajafungua mdomo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukianza kusema huku mwenye kitu anakutazama, utausoma uso wake. Kwa hiyo mwenye kitu akae nyuma ya msomaji, kimya kabisa, hata kuguna asigune. Yaliyokosewa yabaki kwenye karatasi, tafadhali msiyafute.

Kitu cha mtu asiyekuwepo hakiletwi bila ridhaa yake, awe mwenzi wako, awe mama mzazi. Kuchungulia maisha ya mtu kwa njia ya roho ni kuchungulia vilevile. Ugonjwa, mimba na kifo hatutabiri, hata mtu akisihi. Mwenye dalili aende kwa daktari.

Asiye na kitu kinachofaa aniandikie pembeni mapema.