Msiniulize tena kuhusu baridi

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana nimechoka kujibu swali moja. Kila nikipiga simu nyumbani, awe mama, awe shemeji, awe jamaa niliyesoma naye sekondari, ni lile lile, "vipi huko Urusi, baridi?" Jamani, baridi iko nje! Mimi Januari nalala na bukta, dirisha wazi, najipepea na daftari.

Iko hivi. Maghorofa mengi hapa Moscow yanapashwa joto na maji ya moto kutoka mitambo mikubwa ya jiji, yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye lidude la chuma chini ya dirisha wanaliita batareya. La kwangu halina koki wala swichi. Anayewasha ni jiji, na jiji kawaida linangoja mpaka wastani wa siku ukae chini ya digrii 8 siku tano mfululizo, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba unakunywa chai umevaa koti, halafu usiku mmoja unasikia bomba linakoroma, basi tena, mpaka Aprili hivi mnaishi ndani ya tanuri. Ndo watu wanafungua fortochka, kale kadirisha kadogo ka juu. Ila ole wako ufungue na mlango upepo ukatize! Bibi mwenye nyumba yangu anauogopa huo upepo kuliko theluji yenyewe, ukipiga chafya tu kosa ni la mlango.

Na hawa mabibi ndio serikali yenyewe. Mtaani mtu usiyemjua hakutolei tabasamu, mwanzoni nilidhani wote wamenuna kwa ajili yangu, sasa siku moja natoka metro kichwa wazi, bibi mmoja kanisimamisha akanifokea weee, kofia iko wapi, mama yako anajua? Nikaitoa mfukoni nikavaa. Akanikagua masikio kama yamefunikwa, akaenda zake bila hata kwaheri.

Sasa kiangazi ndo kichekesho. Jua kali, halafu wanakata maji ya moto mtaa kwa mtaa, kama siku 10 hivi, eti wanapima na kutengeneza mabomba kabla ya msimu mwingine. Wenyeji wanajua, tangazo linabandikwa mlangoni mapema, lakini siku ikifika ni vilio, wengine wanaenda kuoga kwa ndugu wanaokaa mtaa mwingine. Mrusi ninayepanga naye alikuwa anapasha maji kwenye sufuria ya supu halafu anasimama nayo bafuni hajui aanzie wapi. Aisee nilicheka. Nikamletea ndoo na kopo, nikamfundisha kuchanganya, kujimwagia, kuacha ya kusuuzia. Mtu wa Moscow anafundishwa kuoga na mimi!

Mwaka huu tangazo limebandikwa jana tu, na yeye leo karudi na ndoo yake mwenyewe, nyekundu, anasema tushindane nani anamaliza kwa makopo machache.

Mbongo wa Moscow